Tarumbeta la Baridi

Mama mkwe alikuwa amevumilia mengi katika nyumba ile, lakini tangi la ng'ombe jikoni lilimshinda. Lilikuwa tangi la alumini, nene tumboni, jembamba shingoni, na ubavuni limebandikwa picha ya fahali. Mkwewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameliazima kwa wale wanaopandikiza mbegu za ng'ombe, maana katika mji mzima ni wao tu waliokuwa na naitrojeni ya maji, ile baridi inayochemka bila moto. Mama mkwe akauliza kama kuna mbegu humo ndani. Fundi akamwambia hamna, mama, ni hewa tu, imepozwa mpaka ikawa maji. Mama mkwe akasema hata mwizi ukimuuliza atakwambia hamna, akachukua kikombe chake akaenda kunywea chai barazani.

"Nimesomesha mtoto mpaka udaktari," alisikika akimwambia jirani, "akaenda kuolewa na spana."

Fundi alicheka, akaendelea kukaza nati. Neno hilo alikuwa amelisikia miaka tisa, na halikumuuma, kwa sababu mama mkwe alilisema kwa sauti ya kusikika. Mtu anayekusema ukiwepo unajua mnakaaje naye.

Mkewe alikuwa daktari kweli, ila si wa sindano. Alikuwa daktari wa fuwele. Fuwele yenyewe ni punje ya dawa, ndogo kuliko punje ya chumvi. Ukiipiga eksirei, mionzi inatawanyika na kuacha madoa kwenye skrini, na mwenye macho ya kuyasoma madoa hayo anajua dawa imejengwaje kwa ndani na kwa nini inaponya au haiponyi. Shida ni kwamba eksirei hiyo hiyo inaiua. Katika joto la kawaida punje inaharibika hujasoma hata robo yake. Ipulizie baridi ya digrii mia na sabini chini ya sifuri, itakungoja siku nzima.

Kwenye taasisi alikofanya kazi, kipozaji kilichokuja na mashine ya eksirei kilikuwa kimekufa mwaka juzi, na waliokiuza walipotaja bei ya kingine, mkurugenzi wa taasisi alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Basi bodi ikakata shauri: mashine isiyoweza kazi ya baridi ihamishiwe makao makuu, na daktari arudi kufundisha mwaka wa kwanza namna ya kupima maji. Wangekuja baada ya mwezi, siku ya Alhamisi, kukagua kwa mara ya mwisho. Miaka kumi na mmoja ya mwanamke yule ilikuwa inangoja lori.

Fundi alipoambiwa hayo, mezani, hakutoa pole. Aliuliza hiyo baridi inatakiwa ipulize wapi. Daktari akainua uma, akamwonyesha ncha ya jino moja. Hapo tu, akasema, pasizidi, na bila barafu hata chembe.

Bomba la kwanza alilitengeneza kwa wiki mbili. Yalikuwa mabomba mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja ndani ya jingine, na katikati yake hamna hewa; hewa aliinyonya kwa pampu yake ya kazini, ile anayonyonyea majokofu kabla ya kuyajaza gesi. Mwishoni likapanuka kidogo, na mama mkwe alipolitazama akaliita tarumbeta, jina likashika. Baridi ilitoka sawasawa. Lakini hewa ya jikoni ina unyevu, na unyevu ukikutana na baridi kama ile haungoji kualikwa. Tone la maji ya sukari walilolishikiza mbele ya mdomo wa tarumbeta, badala ya fuwele, liligeuka jeupe kama limemwagiwa unga. Daktari alisema kwa eksirei hiyo ni sawa na kusoma kitabu kilichomwagikiwa maziwa, akaenda kujilaza na viatu vyake.

Jawabu fundi alilipata dukani. Yapo yale majokofu marefu yasiyo na mlango, watu wanapitisha mkono na kuchukua maziwa, na bado baridi haimwagiki nje. Wengi hawajiulizi kwa nini. Aliyewahi kuyafungua matumbo anajua kwamba juu pana mwanya unaopuliza pazia la hewa, na pazia hilo ndilo mlango. Fundi akarudi nyumbani akalivisha tarumbeta bomba la tatu kwa nje, la kupuliza hewa kavu iliyopitishwa kwenye vidonge vya kunyonya unyevu. Baridi ikapita katikati, hewa kavu ikaizunguka.

Kazi ikabaki kwenye mwendo. Zote mbili zikienda kasi moja, zinapita bega kwa bega kama watu waungwana. Moja ikizidi zinagombana mpakani, zinavuta hewa ya chumbani, na barafu inaingia. Namna ya kupima hilo alikwenda kuiomba kwenye sanduku la cherehani la mama mkwe: uzi mmoja wa pamba, ukaning'inizwa pale mdomoni. Ukitetemeka, kuna ugomvi. Ukitulia, endelea na kazi.

"Kila mtu akiona barafu anadhani aongeze mpulizo," fundi alimwambia mkewe. "Unapunguza."

Daktari akakiri kwamba hata yeye angeongeza.

"Ndiyo maana una shahada tatu," fundi akasema, na daktari akamrushia kitambaa cha vyombo.

Siku ile uzi ulipotulia, walishikiza tone jipya la sukari, wakakaa kulitazama dakika kumi, ishirini, saa nzima. Lilibaki angavu. Mama mkwe akaja na miwani yake, akainama, akatafuta, akasema mbona haoni kitu. Binti yake akamwambia ndiyo uzuri wenyewe, mama, barafu ingekuwepo ungeiona. Mama mkwe akainuka akishika kiuno. Akauliza kama uzi wake utarudishwa.

*

Pale taasisi fundi hakuruhusiwa kuingia hivi hivi. Mtu asiyeajiriwa hakanyagi maabara ya eksirei, alisema mkurugenzi, na kwa hilo alikuwa na haki. Lakini zilikuwepo kadi za wageni, za buluu, na zilikuwepo za wataalamu wa nje, za kijani. Fundi alipewa ya kijivu, imeandikwa KIBARUA kwa herufi kubwa, na kamba yake ilikuwa fupi kiasi kwamba kadi ilimkaa kooni. Akaivaa. Alikuwa na siku tatu za kufunga tarumbeta kwenye mashine, na siku tatu hazitoshi kugombania kamba.

Alilifunga kwa boliti nne juu ya kile kisimamizi kidogo kinachoshika fuwele. Akaomba mambo mawili: mlango ufungwe, na feni zisiwashwe. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka, kwa hiyo kufikia saa tano asubuhi mtu alikuwa anaweza kukamua shati. Daktari alifanya kazi humo akiwa peku, sketi ameikunja, anaimba kwa pua. Fuwele zilikuwa tatu tu. Alikuwa amezikuza kwa miezi minane, na alizihamisha kwa kijitanzi cha nailoni huku amebana pumzi.

Jumatano mchana mkurugenzi alimwita daktari ofisini. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuimba tena. Nyumbani alipiga pasi blauzi ile ile mara mbili, na fundi alipomuuliza kulikoni akasema amechoka, ni wasiwasi wa kesho. Fundi akaamini. Kwa nini asiamini? Mtu mmelala kitanda kimoja miaka tisa, ukianza kumpekua maneno utaishia wapi.

*

Alhamisi wakaja. Watu wa bodi walikuwa watano, na wa sita alikuwa mkurugenzi, wa saba katibu wake. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mtu mzima, mwenye mwili, aliyevaa suti nzito ya kijivu. Viti vilikuwa saba. Fundi alisimama nyuma karibu na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, na hapo ndipo katibu alipomwona mikono mitupu, akampa lundo la karatasi agawe.

Ripoti zilikuwa nakala saba. Fundi si mtu wa kusoma barua za watu, lakini karatasi ya juu ilikuwa imejikunja ukurasa wa pili, na jicho halina pazia. Akasoma: Kipozaji kimebuniwa na kuundwa na Idara, kwa msaada wa vibarua. Chini yake saini. Saini ile aliijua. Aliiona kwenye cheti cha ndoa.

Akainua macho. Mkewe alikuwa anatazama skrini, na skrini haikuwa na kitu bado.

Iliuma. Tusipambe maneno, iliuma vibaya sana, na iliuma mahali ambapo maneno ya mama mkwe hayajawahi kufika. Angeweza kuzitupa zile karatasi sakafuni. Badala yake alizigawa, moja moja, kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Mwenyekiti alipopokea yake akasema asante, akaanza kujipepea nayo.

Daktari akaeleza kazi kwa sauti iliyonyooka. Akaonyesha fuwele kwenye skrini, imekuzwa mara mia, angavu, kingo zake zimekatwa vizuri. Akasema atapima kwa saa sita mfululizo na waheshimiwa wataona madoa ya kwanza baada ya dakika chache. Joto lilikuwa limeshaanza. Mjumbe mmoja akalegeza tai. Mkurugenzi, akiona aibu wageni wake wakitoka jasho, akanyanyuka, akavuta feni ya kusimama kutoka pembeni, akaiwasha na kuielekeza kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akashusha pumzi ya shukrani.

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Fundi aliona. Aliona pia uzi wa pamba ukianza kucheza, halafu ukalala upande kabisa. Kwenye skrini, pembe moja ya fuwele ikaota kitu cheupe.

Wajumbe wakasogeza shingo. Mkurugenzi akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika na wote, kwamba baridi haitoshi, iongezwe. Na kwa kuwa daktari hakuongeza, yeye mwenyewe akanyoosha mkono akafungua valvu. Tarumbeta likavuma. Weupe ukatambaa mpaka katikati.

Na fundi akanyamaza. Hilo nalo lisemwe, maana watu wakisimulia wanapenda kuliruka. Alisimama pale kwenye ndoo ya mchanga, akaliacha. Akasema moyoni: haya, Idara imebuni, Idara itengeneze. Akauonja uchungu ule, akauona una utamu wake. Kama pumzi kumi hivi alikuwa radhi mashine ipakiwe kwenye lori na wote wakose.

Halafu akamwona mkewe ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, vidole vimepauka. Miezi minane ilikuwa inafunikwa na theluji mbele ya watu wanaojipepea. Fundi akavuka chumba, akapita mbele ya magoti ya bodi, akachomoa waya wa feni ukutani.

Mkurugenzi akamuuliza ametumwa na nani.

"Sikutumwa," fundi akasema. Alikuwa ameshafika kwenye valvu, anairudisha nyuma taratibu, jicho kwenye uzi. "Mwenye duka ananipigia simu, anasema fundi njoo, jokofu limekufa, gesi imeisha. Nakwenda, nakuta kaweka feni mbele ya jokofu lisilo na mlango ili wateja wapate upepo. Nazima feni, jokofu linafufuka. Nimewafufulia wengi. Hili ni jokofu lisilo na mlango, mzee. Ukilipepea unalivua nguo."

Mjumbe mmoja akacheka, akajikohoza. Uzi ulitetemeka, ukasita, ukatulia. Daktari alikuwa ameshaelewa kinachofuata bila kuambiwa. Akachota naitrojeni kidogo kwa kikombe cha chuma, akaidondosha juu ya fuwele, na ule weupe ukachukuliwa, tone baada ya tone, mpaka skrini ikaonyesha kingo safi.

Mwenyekiti akaweka karatasi pajani. "Wewe ni nani?" akauliza.

Fundi akashika ile kadi iliyomkaa kooni, akaigeuza ili asome vizuri. "Imeandikwa hapa, mama."

Mkurugenzi akaanza kueleza kwamba ni mmoja wa vijana wa kubebabeba, na kwamba sasa kazi iendelee. Fundi alikuwa na miaka arobaini na mbili.

"Ni mume wangu," daktari akasema. "Na hicho kifaa ni chake. Amekibuni yeye, amekichomelea yeye, jikoni kwangu. Hiyo ripoti mliyoshika ina uongo, na uongo huo nimeutia saini mimi." Hakuishusha sauti. "Jana niliambiwa jina lake likiwepo, mashine inaondoka. Nikaogopa. Nikalitoa."

Mkurugenzi akasimama. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyekasirika sana. Alisema yule bwana hana shahada, hana ajira, na ni mume wa mhusika. Alisema watu wataambiana kwamba taasisi imegeuzwa sebule ya mtu. Alisema ripoti yenye jina kama hilo yeye haipeleki juu, na daktari ajue anachokichezea ni kazi yake mwenyewe.

"Basi isiende," daktari akasema. "Naomba karatasi zangu."

Akapita kiti kwa kiti akinyoosha mkono, na watu wazima wale, kwa namna ambayo hata wao hawakuielewa, wakazirudisha. Ya mwenyekiti ilikuwa imelowa jasho na kujikunja. Daktari akazipanga mezani, akafungua ukurasa wa pili, akatoa kalamu kwenye nywele. Akamwangalia mumewe, akamsogezea kalamu.

"Andika mwenyewe," akamwambia taratibu. "Ni jina lako."

"Hapana," fundi akasema. "Andika wewe. Wewe ndiye uliyelitoa."

Akaandika. Alifuta ule mstari kwa rula, si kwa hasira, akaandika juu yake majina matatu ya mumewe, lake, la baba yake na la babu yake, na mbele yake: mbunifu. Nakala ya kwanza. Ya pili. Joto lilikuwa la kukaangia. Jasho lilimtoka daktari kwenye kidevu likadondokea ya tatu, akalifuta kwa kiganja akaendelea. Hakuna aliyegusa feni. Alipomaliza ya sita akageuka kwa mkurugenzi, akamwambia na hiyo. Mkurugenzi akaikunja nakala yake mara nne, akaitia mfuko wa koti, akatoka. Katibu wake akabaki, akitazama viatu.

Mwenyekiti alirudishiwa nakala yake, akausoma ukurasa wa pili polepole. Akamuuliza fundi cheti chake ni cha nini. Fundi akajibu majokofu na viyoyozi, daraja la pili. Mwenyekiti akarudia, daraja la pili. Ndiyo, mama, fundi akasema, mtihani wa daraja la kwanza uliangukia siku za kazi.

"Mimi siahidi kitu," mwenyekiti akasema. "Mashine tutaijadili, na hili la jina litatuletea maneno. Alichosema mkurugenzi wako wengine watakisema." Akasimama. Kila mtu alidhani anaondoka. Akavua koti la suti, akalitundika nyuma ya kiti, akakunja mikono ya blauzi, akaketi tena. "Umesema saa sita. Nataka kuziona zote."

Wajumbe wakatazamana, halafu mmoja mmoja wakaanza kuvua makoti.

Daktari akabonyeza kitufe. Mashine ikatoa mlio wake mdogo, na fuwele ikaanza kuzunguka kwenye baridi yake, angavu, haina chembe. Akavuta kile kiti cha mkurugenzi, akakileta mbele, karibu na valvu, akamwambia mumewe akae. Fundi akavua kadi ya kijivu, akaitia mfukoni, akakaa. Walikuwa bega kwa bega, na hakumwangalia.

"Nyumbani tutaongea," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Haya. Soma madoa yako."